Kuonja Injini

Kobe alirudi nyumbani akivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la mchanga, mchana kweupe, na mtaa mzima ukajitokeza kumtazama. Kilichowatoa watu majumbani ni ule ukimya. Miaka yote gari hilo kuukuu la kupandia milima lilikuwa likijitangaza tangu njia panda, likinguruma na kukohoa, hata mwenye usingizi mzito akajua kwamba Dereva anarudi. Siku hiyo lilipita polepole kama jeneza, matairi tu yakisaga kokoto, na Dereva mwenyewe ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama mtu anayeendesha kweli.

Mkewe, Mshonaji, alikuwa barazani akitia zipu kwenye sketi ya shule. Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Kobe amekufa?" aliuliza.

"Kufa ni neno dogo, mama," alijibu mwenye lori huku akifungua mnyororo. "Mkono wa pistoni umetoboa bloku ukatoka nje kuchungulia dunia. Hapo hakuna cha kufungua wala kufunga. Tafuteni injini nyingine."

Watu wakacheka. Dereva alizitazama nyuso zao kwanza, mmoja baada ya mwingine, ndipo naye akatabasamu.

"Pole, jirani," muuza duka wa ng'ambo ya barabara alimwambia, akiwa amesimama nyuma yake. "Mitambo ndivyo ilivyo."

Dereva hakugeuka. Alifunga mlango wa gari, akaupigapiga kwa kiganja, akaingia ndani.

"Mnaona?" muuza duka aliwaambia wenzake, wala hakujali kushusha sauti. "Hata siku ya msiba wake anaringa. Mwaka wa pili huu, salamu zangu haitikii."

Mshonaji aliinamia zipu yake. Alikwisha kumtetea mumewe kwa jirani huyo mara nyingi mno: amechoka, ana mawazo, kichwa kinamgonga. Visingizio vilikuwa vimemwishia. Na yeye mwenyewe alikuwa na lake moyoni. Kila alfajiri mumewe alipotoka na Kobe, alimwambia kutoka pale cherehanini, "Nenda urudi, mzee wangu." Zamani Dereva alikuwa akijibu, "Nirudi wapi kwingine?" na wote wawili wakicheka, ingawa mzaha wenyewe ulikuwa umechakaa. Siku hizi alipanda tu akaondoka. Mshonaji akajizoeza kulisema neno lake bila kungoja jibu, kama mtu anayetia barua kwenye nyumba iliyohamwa.

Kobe ndiye aliyewalisha. Mara mbili kwa juma alipandisha wauguzi wa zahanati na sanduku lao la chanjo hadi vijiji vya mgongoni mwa mlima, kwa barabara iliyokwisha kumeza magari madogo mengi. Cherehani ililipa karo ya binti yao na chumvi ya nyumba. Mengine yote yalitoka kwa Kobe.

Kesho yake msimamizi wa zahanati alikuja mwenyewe, yule mama mrefu ambaye kila mtu alimwita Sista. Hakuketi.

"Mwezi huu nimekodi gari la mtu mwingine," alisema. "Mwezi ukiisha, kamati inaandika mkataba mpya. Kobe akiwa barabarani, kazi ni yake. Asipokuwa, mimi sina la kufanya, watoto hawangojei."

"Atakuwa barabarani, Sista."

"Kuna jambo lingine, na nakwambia wewe kwa sababu ni mwanamke mwenzangu." Sista alitupa jicho kule uani, ambako Dereva alikuwa amejipenyeza nusu mwili ndani ya boneti. "Mumeo ana dharau. Juzi pale kwenye kijito muuguzi mmoja alikuwa anatapika. Nikamwita Dereva asimame. Nikamwita tena, na tena. Anaendesha tu kama mimi ni nzi. Wauguzi wanasema hapendi kuamrishwa na wanawake."

"Mume wangu ana kichwa kigumu," Mshonaji alisema, "lakini dharau hana."

Aliyasema kwa uthabiti. Sista alipoondoka ndipo alipogundua kwamba hakuwa na hakika nayo.

*

Gereji ya Spana ilikuwa uwanja wa udongo mweusi uliolowa oili, wenye paa la mabati upande mmoja na mizoga ya magari upande wa pili. Spana alipata jina hilo ujanani na hakuna aliyekumbuka jingine. Siku hiyo walikuwepo Dereva, Mshonaji, na mdogo wake Mshonaji wa kiume, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjomba kwa kumfuata binti. Mjomba aliuza vipuri vya mtumba na alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye magurudumu.

Mshonaji alikuja kwa sababu fungu la fedha lilikuwa lake. Miaka mitatu alikuwa akijiwekea akiba ya cherehani ya umeme, na kikundi cha akina mama kikakubali kumpa zamu yake mapema, baada ya yeye kusimama mbele yao na kueleza shida zake kama mtoto anayesoma shairi shuleni. Kwa hiyo alitaka kuona kwa macho yake injini itakayochukua nafasi ya cherehani hiyo.

"Ziko tatu," Spana alisema, akiwaongoza chini ya paa. "Ya kwanza hii hapa. Petroli, silinda sita, imetoka kwenye gari la bosi."

"Hii ndiyo yenyewe!" Mjomba alidakia. "Ikiwaka, unaweza kusimamisha glasi ya maji juu yake isitikisike. Na bei ni ya kindugu, maana naileta mimi."

"Itamnywea shemeji yako petroli mpaka auze viatu," Spana alisema. "Halafu haikai kwenye gia boksi ya Kobe. Nitachonga sahani ya kuunganishia. Na pale kwenye kijito, maji yakigusa waya zake, wauguzi watalala mlimani."

"Unatia chumvi, Spana."

"Mimi natia oili. Ya pili ni dizeli ya kisasa, ina tabo, ile feni ya kuisukumia hewa. Ina nguvu, haili sana, imetulia. Inakaa bila kuchonga chochote. Ila bei yake imesimama, mama, sikufichi. Na inataka dizeli safi, siyo ile ya kwenye madumu."

"Na ya tatu?" Dereva aliuliza, macho yake yamegandia midomo ya Spana.

Spana alikuna shingo. Akaenda hadi pembeni, akavuta turubai. Chini yake ilikuwepo injini nyeusi, pana, ndugu wa damu wa ile iliyokufa.

"Hii ilikuwa ikiendesha pampu ya maji ya shamba moja. Ni dizeli ile ile ya Kobe, haina kompyuta wala kitu. Nikiifungua nikabadilisha ringi na beringi, itakuzika mzee. Bei ni chini ya nusu ya ile ya tabo. Ila kelele zake unazijua. Na mlimani itakwenda mwendo wa Kobe, si zaidi."

Dereva alikwisha kupiga magoti. "Iwashe."

Spana aliiunganishia betri na kopo la dizeli, na injini ikawaka pale sakafuni kwa mshindo uliowafanya kuku wa gereji waruke ukuta. Mafundi husikiliza injini kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Dereva alikuwa na namna yake. Aliweka ncha kwenye bloku, kisha akaung'ata mpini kwa meno, akafumba macho. Pale gerejini walikuwa wakiita hivyo "kuonja injini", na wapo waliomwiga wakavunjika meno.

"Beringi ya pili kutoka mbele imelegea," alisema baada ya muda, akifuta mdomo. "Na valvu moja inachelewa kufunga. Mengine mazima."

Spana alitikisa kichwa kwa furaha. "Anaonja kama mpishi!"

"Naichukua hii," Dereva alisema.

"Hapana, hapana, hapana," Mjomba alisema, akimshika bega. "Shemeji, dunia imesonga. Wauguzi wako wanashuka kwenye Kobe vichwa vikiwauma. Kajaribu japo ile ya tabo. Spana, si kuna gari la yule mkandarasi umelifunga injini kama ile?"

Lilikuwepo, limeegeshwa uani, umbo lake kama la Kobe ila limepakwa rangi mpya na sakafu yake imetandikwa zulia nene. Spana alilipeleka kivulini na kulisimamisha, akashuka akiliacha linaunguruma taratibu, chini kwa chini, kama paka aliyeshiba. Wateja wawili waliokuwa wakingoja magari yao kwenye benchi walisogea kutazama.

"Panda, mzee. Zungusha mtaa mmoja."

Dereva alipanda. Alirekebisha kioo. Kama kawaida yake, aliuvua mguu wa kushoto kwenye kiatu na kukanyaga nao chini ukiwa mtupu, lakini chini kulikuwa na zulia. Akauangalia usukani kidogo. Kisha akaushika ufunguo, akauzungusha.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya meno ya chuma kusagana na chuma. Kila mtu alijikunja. Mmoja wa wale wateja alishika masikio.

Dereva hakushtuka. Akangoja kidogo, akauzungusha tena.

"Weee! Weee!" Spana alikimbia mikono juu. "Linawaka! Mzee, linawaka hilo!"

"Shemeji!" Mjomba alikuwa ameinama kwa kicheko. "Unamwamsha mtu aliye macho?"

"Mzee mapenzi ya zamani yamemziba akili," yule mteja alisema, na benchi zima likacheka.

Dereva aliziona nyuso zao. Safari hii hakutabasamu. Alishuka, kiatu kimoja mkononi, sauti yake imepanda kuliko ilivyohitajika.

"Injini hii siitaki. Haina roho."

"Injini haina roho!" Mjomba aliwageukia watazamaji. "Mmemsikia?"

Mshonaji peke yake hakucheka. Mkono wake ulikuwa shingoni, umeishika tepu ya kupimia ambayo alisahau kuiacha nyumbani. Mtu kukosea mara moja, aliwaza, ni haraka. Lakini ile mara ya pili. Mara ya kwanza chuma kililia mpaka kikamuuma yeye meno, na mumewe akatulia pale kama mtu anayengoja jibu la swali alilouliza kwa adabu. Halafu akauliza tena.

Ghafla vitu vingi vikaanza kupanga foleni kichwani mwake: muuza duka, Sista kule kijitoni, "Nenda urudi." Akashindwa kuvitazama vyote kwa pamoja.

*

Walirudi kwa miguu. Nyumbani binti yao alikuwa mezani na vitabu vyake vya kidato cha nne. Baba yake alipoketi, binti aligonga meza mara mbili kwa kidole, akangoja macho yake, ndipo akasema, "Baba, kuna chai."

Kila siku aligonga hivyo. Mshonaji alikuwa akidhani ni utundu wa kike wa siku hizi, na mara moja alimkaripia kwa kukosa adabu.

"Wewe ulijua," alimwambia binti.

Binti alimtazama, akamtazama baba yake, akafunga kitabu. "Baba alinikataza kusema."

"Tangu lini?"

"Mama, muulize mwenyewe."

Mshonaji akazunguka meza, akaketi mbele ya mumewe mahali penye mwanga wa dirisha. Alisema polepole, bila kupaza sauti, "Masikio yako yana nini?"

Dereva alikichezea kikombe. Ilikuwa wazi kwamba ameelewa.

"Lile la kushoto lilianza kutoa usaha, likakauka. La kulia likalifuata. Mwanzoni ilikuwa kama mmejifunga blanketi mkiongea. Halafu mablanketi mawili." Alijaribu kucheka. "Nikajua ni uzee, utapita."

"Uzee unapita kwenda wapi?"

"Ndiyo hivyo sasa. Ningesema nini? Nani atampa dereva kiziwi sanduku la chanjo na wauguzi wanne?" Aliuinua mguu wa kushoto kidogo. "Lakini Kobe namsikia. Anaongea kwa hapa, kwa unyayo. Na kwa gia, mkononi. Akiumwa najua kabla yenu. Ile ya tabo... nimekaa ndani yake kama nimekaa kwenye sofa. Hakuna kitu. Giza tupu."

"Ndiyo maana unataka ya pampu."

"Kwenye ile ya tabo wangenijua siku ya kwanza."

"Wamekujua leo," alisema Mshonaji, na papo hapo akatamani kuyarudisha mdomoni. Maana walikuwa hawajamjua. Walimcheka kwa ukaidi, na yeye alikuwa tayari kuchekwa hivyo mpaka kufa.

Akavuta kiti karibu. "Na pale kijitoni? Sista alikuita."

"Mwili wa Kobe hauniletei sauti za watu." Dereva aliangalia mikono yake. "Aliniita kweli?"

"Mara tatu. Muuguzi alikuwa anatapika."

Dereva alikisukuma kikombe pembeni. "Ingekuwa mtoto kaanguka kutoka mlangoni," alisema. "Ningeendelea kuendesha hivyo hivyo."

Binti alianza kulia. Mshonaji hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikosa pa kukaa. Aliuona uso wa mumewe, uso wa mtu mzima aliyekamatwa akiiba kazi yake mwenyewe.

"Kesho tunakwenda kwa Sista," alisema.

"Atanifuta."

"Huenda. Lakini atamfuta kiziwi, hatamfuta mwenye dharau. Mimi hilo la dharau siwezi tena kulibeba, baba. Limeniuma bega."

*

Sista aliwasikiliza mlangoni mwa chumba cha chanjo, glavu mikononi. Dereva alijieleza mwenyewe. Alisema kwa sauti kubwa mno, na akina mama waliokuwa kwenye benchi na watoto wao wakasikia kila neno. Mshonaji alitaka kumfanyia ishara apunguze, kisha akaacha. Yatoke yote.

"Kwa hiyo siku ile hukunipuuza," Sista alisema.

"Eeh?"

Sista alisogea mbele ya macho yake, akarudia.

"Sikukupuuza, Sista. Nisamehe. Na injini zangu nazisikia sawa kabisa, naweza hata..." Akaeleza habari ya bisibisi, kwa kuona aibu zimekwisha kuwa nyingi, moja zaidi haidhuru.

Sista alivua glavu. "Hebu rudia hapo. Mpini kwenye meno. Na unasikia?"

"Vizuri kuliko Spana."

"Spana ni nani?" Sista aliuliza.

"Spana ni fundi," Mshonaji alisema.

"Basi sikilizeni. Kama sauti inakufikia kwa mfupa, huenda ndani mwa sikio bado ni pazima, kilichoharibika ni mlango tu. Siahidi. Mimi si mtu wa masikio. Nendeni hospitali kuu, nitawaandikia barua." Akamgeukia Dereva, akakaza uso. "Lakini bila cheti chao, kwenye gari langu hukai. Nikusikitikie au nisikusikitikie, hukai."

"Ni haki," Dereva alisema.

Kule hospitali kuu kijana mwenye koti jeupe alimfungia ndani ya kijumba cha kioo, akambonyezea vitu, kisha akachukua uma wa chuma unaolia, akaugonga na kuweka shina lake kwenye paji la uso la Dereva. Dereva akacheka kwa sauti kama mtoto aliyetekenywa. Ngoma za masikio zimetoboka, kijana alieleza, lakini mishipa ya ndani ni mizima, na vifaa vya kuvaa masikioni vitamsaidia sana. Akaitaja bei. Mshonaji aliishika tepu yake ya kupimia mfukoni, akaivuta na kuiachia, akaivuta na kuiachia.

Hesabu ilikuwa fupi. Fungu lake lilitosha injini ya tabo peke yake. Au lilitosha ile ya pampu, na vifaa vya masikio.

"Dada, tulia," Mjomba alisema jioni hiyo barazani. Tangu aambiwe alikuwa mpole, hakumwangalia shemeji yake usoni. "Nimekosa kumcheka, nimekubali. Lakini biashara ni biashara. Nunueni ya tabo. Gari litakuwa zuri, kamati itafurahi, mtaajiri kijana aendeshe. Shemeji atapumzika."

"Anasema kweli," alisema Dereva, aliyekuwa akisoma midomo yake. Alitabasamu lile tabasamu lake la kuchelewa. "Kobe apone, mke wangu. Mimi nimechakaa zaidi yake. Nitakaa hapa, nitakuwa nakukatia nyuzi."

Mshonaji alimtazama mumewe, akaiona miaka iliyo mbele: Kobe akipita na kijana wa watu, na mzee huyu barazani akitazama midomo ya wapita njia, akicheka wakishacheka.

"Nishone sketi kutwa, na wewe ukae hapo kama picha?" alisema. "Mimi nitaongea na nani? Hata huyo kijana tutamlipa na nini, na mkataba wenyewe unamlipia Kobe tu?" Akamgeukia Mjomba. "Spana mwenyewe alisema ile ya pampu itatuzika. Haiogopi maji, haichagui dizeli. Tunachukua hiyo."

"Dada, kelele zile!"

"Kelele nimezizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni kimya."

*

Spana aliifunga injini pale pale uani, chini ya kapi aliyoitundika kwenye fito tatu. Alibadilisha beringi ya pili kutoka mbele na valvu iliyokuwa ikichelewa. Siku ya kuiwasha alikuja Sista na cheti cha hospitali mkononi, amekisoma, bado anakikunja na kukikunjua. Alitaka kuona kwa macho yake, alisema.

Dereva alikuwa amevaa vile vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio kama mtu anayevaa hereni kwa mara ya kwanza. Asubuhi hiyo alikwisha kuvuka barabara hadi dukani na kusema, "Jirani, habari za miaka miwili?" Muuza duka akabaki na kipimo cha sukari hewani. Alipoelezwa, alijibu, "Nzuri," akaongeza kwamba bado alikuwa na manung'uniko mengine, ila yangengoja.

Sasa Dereva alipanda, akavua kiatu cha kushoto kwa mazoea, akazungusha ufunguo.

Kobe akawaka.

Dereva aliruka kwenye kiti mpaka kofia ikagonga paa. Alizima. Alikaa na mkono kifuani, macho yamemtoka, akamtazama mkewe kupitia dirisha.

"Mama wee! Spana amefunga nini humu?"

"Ile uliyoichagua," Spana alisema.

"Hapana, kuna kitu kimelegea!"

"Hakuna kitu. Ndivyo alivyo."

"Mke wangu." Dereva alitoa kichwa nje. "Ndivyo alivyokuwa siku zote?"

"Siku zote."

"Na hukusema?"

"Nilisema," alijibu Mshonaji. "Kila siku."

Watu walikufa kwa kicheko, hata Sista. Dereva hakucheka. Hakungoja hata nyuso zao. Aliendelea kumwangalia mkewe.

"Na nini kingine ulikuwa ukisema?" aliuliza.

Mshonaji aliokota uzi kwenye gauni lake. "Mengi. Mpeleke Sista mlimani kwanza."

Sista alimwambia Mshonaji naye apande, awe shahidi. Wakaketi nyuma wawili hao, na Kobe akawapeleka juu kwa mwendo wake wa Kobe, madirisha yakitetemeka, mazungumzo hayawezekani. Walipofika kijitoni, Sista alimkonyeza Mshonaji, akainama nyuma ya kiti cha Dereva na kusema kwa sauti ya kawaida, si kubwa wala ndogo, "Simama."

Breki zilishikwa kwa nguvu kiasi kwamba Sista aligonga paji la uso kwenye chuma cha kiti.

"Nimesikia mara ya kwanza," Dereva alisema, akigeuka, uso wake umejaa hofu na majivuno. "Umeumia, Sista?"

"Nimeumia," Sista alisema, akijisugua. "Nitaiambia kamati ikupe miezi mitatu ya majaribio. Siyo mwaka. Mitatu. Na safari ijayo breki, pole pole."

"Pole pole, Sista."

Siku ya safari ya kwanza alfajiri ilikuwa na ukungu. Mshonaji alikuwa barazani kwenye cherehani ile ile ya miguu, mlima wa sketi pembeni yake. Cherehani ya umeme ilikuwa imerudi nyuma miaka mitatu, na bado alikuwa hajajua kama inamuuma ama la. Dereva alipita na chupa yake ya chai, akafungua mlango wa Kobe, akavua kiatu cha kushoto.

"Nenda urudi, mzee wangu," Mshonaji alisema, kwa sauti yake ile ile, bila kuinua macho kwenye mshono.

Ufunguo haukuzungushwa. Cherehani ilimaliza pindo moja.

"Nirudi wapi kwingine?" Dereva alisema.

Mguu wa Mshonaji ukateleza kwenye pedali ya cherehani. Aliinua uso, akasema kitu, neno dogo tu, lakini wakati huo huo Kobe aliwaka na kuumeza mtaa mzima, na ng'ambo ya barabara muuza duka alifungua dirisha na kuanza kulalamika. Dereva aliweka kiganja nyuma ya sikio, akacheka, akatikisa kichwa: hakusikia. Mshonaji akamfanyia ishara ya mkono aende, aende, atamwambia akirudi.